Kazi Niliyomwambia Binti Yangu

Mke wangu aliigundua kazi hiyo Jumatatu asubuhi, siku tatu kabla ya usaili wa uraia, wangu na wa binti yetu, akipanga nakala za fomu kwenye bahasha. Mimi nilikuwa nakunywa supu. Akaniwekea karatasi pembeni ya bakuli.

"Baba Yerin, huyu msimamizi wa ubora ni nani?"

Nikamwambia ni mimi.

"Tangu lini?"

Ukweli ni kwamba sijawahi kusimamia kitu chochote hapa Marekani. Kule Daejeon, Korea, nilikuwa naibu meneja wa tawi la benki, na watu waliinama nikipita. Kisha tukapata viza kupitia kiwanda cha kuku hapa Georgia, kazi isiyohitaji ujuzi wowote, na kwa miezi kumi na minne nilisimama kwenye mkanda unaopitisha kuku, nikitoa mifupa kwenye mapaja. Mkono wa kushoto glovu ya chuma, wa kulia kisu. Jioni nilishindwa kushika kijiko.

Yerin alikuwa na miaka kumi na mitatu. Siku ya kwanza ya shule alikuja na karatasi, akauliza aandike nini kwenye nafasi ya kazi ya baba. Nikasema msimamizi wa ubora. Nilidhani ni uongo wa siku moja. Umekaa miaka saba, ukafika mpaka kanisani. Sasa ana miaka ishirini, na ndiye aliyejaza fomu zetu zote kwenye kompyuta, maana Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Kwenye nafasi ya kazi yangu hakuniuliza hata. Aliandika anachokijua, nami nikatia sahihi bila kusoma. Benki nilikuwa nafukuza watu kwa kosa kama hilo.

"Faili la viza linasema ulikuja kukata kuku," mke wangu akasema. "Fomu inasema ulikuwa msimamizi. Wataona ile kazi uliyoombewa viza hukuifanya. Kadi yako ya ukaazi ikianguka, yangu na ya mtoto zinaanguka nayo."

"Nitamwambia afisa arekebishe. Inaruhusiwa."

"Na Yerin? Si anaingia kwa afisa baada yako? Akiulizwa baba yake alifanya kazi gani?"

"Nitamweleza."

"Mweleze leo."

Sikumweleza siku hiyo, wala Jumanne. Jumatano nilibisha mlango wa chumba chake, akafungua, nikamuuliza kama gari lina mafuta. Lilikuwa nayo.

Alhamisi Yerin alituendesha mpaka Atlanta, njia nzima akiniuliza maswali ya historia na serikali ambayo ningeulizwa kwenye usaili. Mke wangu alikaa nyuma yangu, na kila tukisimama kwenye taa alikipiga teke kiti changu.

"Baba, kuna kitu?" Yerin akauliza.

"Angalia barabara."

Nilikuwa na hofu, sikatai. Lakini hofu ya serikali ilikuwa ndogo. Niliogopa zaidi uso wa huyu mtoto.

Kwenye ukumbi wa kusubiri tukamkuta Mama Shemasi Noh wa kanisani kwetu, na mumewe.

"Msimamizi, na nyie ni leo?" Mama Shemasi akasema. "Wewe huna shida, ulikuwa ofisini. Huyu wangu alisukuma makreti kwenye friji miaka miwili, hata hajui ataelezaje."

Yerin akatabasamu kwa fahari. Mke wangu akanitazama. Nikajifanya nasoma tangazo ukutani, na jina langu likaitwa.

Afisa alikuwa mama mwenye miwani, mpole wa sauti. Aliniapisha, akaniuliza historia, nikajibu. Kisha akaanza kupitia fomu mstari kwa mstari.

"Kiwandani ulikuwa msimamizi wa ubora."

"Hapana," nikasema, na Kiingereza chote kikanikimbia. Nikasimama. Nikamwonyesha: kushoto shika, kulia pitisha kisu, zungusha, mfupa nje. "Kuku," nikasema. "Paja. Miezi kumi na minne." Nikatoa hati zangu zote za mshahara, nikazimwaga mezani.

Akazisoma moja moja. "Nani aliandika msimamizi?"

"Binti yangu."

"Kwa nini?"

"Mimi nilimwambia."

Aliandika kwa muda mrefu. "Binti yako ndiye anayefuata kwangu," akasema. "Nitaongea naye kwanza, ndipo niamue kuhusu wewe. Kasubiri nje."

Nilitaka kumwomba dakika moja, lakini alikuwa ameshafungua mlango na kumwita. Yerin akainuka upande wa pili wa ukumbi, akashika mkoba wake. Angeingia pale na kunitetea kwa uongo wangu mwenyewe, tena kwa kiapo. Na Mama Shemasi alikuwa ameketi katikati yetu. Niliona aibu mwili mzima, halafu nikapaza sauti kwa Kikorea.

"Yerin, sikuwa msimamizi. Nilikata mapaja ya kuku. Ofisi sikuwahi kuikanyaga. Nilikudanganya."

Mlinzi akaja. "Mzee, taratibu." Mama Shemasi akaangalia viatu vyake. Yerin alisimama akiwa mwekundu mpaka masikioni, kisha akanipita na kuingia. Hakuniangalia.

Nikakaa. Mzee Noh akaniinamia. "Mapaja ya kushoto au ya kulia?"

"Yote," nikasema.

Akatikisa kichwa. Ndiyo maneno pekee niliyosikia kwa dakika ishirini na tano.

Mlango ulipofunguliwa, afisa alimpa Yerin karatasi yake, akanipa yangu. Nikatafuta alama za tiki. Zote mbili zilikuwa kwenye mstari wa kufaulu. Mke wangu akaanza kulia palepale.

"Alikuuliza nini?" nikamuuliza Yerin tukielekea kwenye gari.

"Aliuliza baba yangu alikuwa anapiga kelele gani. Nikamtafsiria."

"Yote?"

"Si nilikuwa nimeapa, Baba? Yote. Na lile neno la mwisho."

Tulipofika kwenye gari akanipa funguo.

"Endesha wewe," akasema. "Mimi nitakaa nyuma na Mama."