Bi Fagio na Hali Kavu

Wenzake walimwita Bi Fagio, na hawakumsingizia. Programu aliyoitunza kwa kujitolea, ile inayofunguka kwenye dirisha jeusi la maandishi na kukuonyesha kompyuta inavyohangaika, joto, kumbukumbu na yote, aliirithi ikiwa vurugu tupu. Ilitumika kwenye mifumo mitatu tofauti, na kila mfumo ulikuwa umechomekewa viraka vyake popote penye nafasi. Ukigusa joto huku, kumbukumbu inalia kule.

Basi akajifunga kibwebwe. Likizo yake yote iliishia kwenye meza ya jikoni, mumewe akimpitishia chai na kumwuliza kama na nyumba itafagiliwa. Alitenganisha kazi ya kupima mashine na kazi ya kuchora. Katika pitapita hiyo akakumbana na kitu kiitwacho hali kavu: hakina rangi wala michoro, maneno na namba tu, mstari kwa mstari. Sasa hiki kioja nani anakitaka?

Lakini desturi ya mradi ilikuwa moja: hakifutwi kitu kabla ya kuwauliza watumiaji. Akapiga picha ya skrini, akaizungushia hali kavu duara jekundu, akaandika juu yake kwa herufi nene, "Kuna anayeitumia bado?" Akaibandika kwenye ukurasa wa mradi. Kimya. Akaifuta hali kavu, akatoa toleo jipya, pongezi zikamiminika.

Pongezi hazijapoa, simu ikalia. Alikuwa fundi mitambo wa kituo kimoja cha redio, mtumiaji wa miaka mingi ambaye hakuna aliyemfikia kwa kueleza hitilafu. Hawakuwahi kuongea, waliandikiana tu.

"Samahani kukusumbua, mwanangu. Tangu niweke toleo jipya, programu yako inaniambia nukta, nukta, nukta. La zamani nimejaribu kulirudisha, limegoma."

"Inakuambia, mzee?"

"Mimi sioni. Kompyuta hunisomea maandishi; michoro yako inaisoma nukta tupu. Nikisikia joto linapanda, nawasha feni kubwa kabla mashine ya matangazo haijazima. Jana imezima katikati ya taarifa ya habari. Meneja kasema ikizima tena, zamu zangu anapewa mwenye macho."

"Lakini niliuliza kwanza," alianza Bi Fagio, huku akiufungua ukurasa. Akaliona swali lake, lote limo ndani ya picha. "Niliuliza kwa picha, mzee."

Mzee akaangua kicheko. "Basi na mimi ningekujibu kwa kukukonyeza!"

Angemfokea, ingekuwa nafuu. Kicheko kile kilimkata maini, na hapohapo kikampa nguvu. Akaketi kuirudisha hali kavu. Kwa bahati ufagiaji wake haukwenda bure: namba sasa zilitoka mahali pamoja, safi, na hali kavu iliyokuwa imesokotwa mara tatu ikaandikwa mara moja tu kwa mifumo yote. Ilimfikia mzee taarifa ya jioni ikikaribia, naye akaomba wabaki kwenye simu.

Bi Fagio akasikia sauti kavu ya kompyuta ikisoma mbiombio: "Joto, themanini na moja. Themanini na nne."

"Ngoja," alisema mzee. Feni ikanguruma.

"Joto, themanini. Sabini na sita."

Kisha kwa mbali msomaji wa habari akaanza, akaendelea, akamaliza bila kukatika. Miaka yote aliyoitunza programu ile, Bi Fagio hakuwahi kuisikia.

"Asante, mwanangu."

"Asante wewe, mzee. Ungeweza kutafuta nyingine ukaniacha na pongezi zangu." Alimaanisha kila neno.

Akarudi kwenye ukurasa, akaiondoa picha na kuandika kwa maneno: "Hali kavu imerudi. Niwieni radhi. Kuna mwingine anayeitumia?"

Jibu la kwanza likaingia: "Mimi." La pili: "Mimi pia, nilidhani niko peke yangu." Akawa anamsomea mumewe kwa sauti, na alipofika la tatu akashindwa, mumewe akamalizia kusoma.