Makaa ya Shemeji

Fundi alikuwa kwenye korido ya nyuma, kati ya jiko na choo, akishona pindo la suruali ya mteja, shemeji yake alipoingia na bakuli la uji. Cherehani ilikuwa imewekewa kipande cha boksi chini ya mguu mmoja isicheze, na mwanga ulifika pale kwa hisani ya mlango wa jikoni, aliyetoka akikumbuka kuuacha wazi. Fundi alinawa mikono, akashukuru, akanywa funda la kwanza. Kaa la moto lenye ukubwa wa limau likamtua utosini.

Kitambaa cha kichwa kiliungua, nywele hazikuungua. Fundi alilitoa kaa kwa koleo, akaligeuzageuza, akaona ni kaa zuri la mti mgumu lisilo na moshi. Pasi yake ya mkaa ilikuwa imeanza kupoa. Akalitia humo na kuendelea na suruali. Shemeji aliaga akaenda zake.

Korido haikuwa mahali pake. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, yeye na marehemu mumewe walikijenga kwa ajili ya cherehani ile. Mume alipofariki, mdogo wake, ndiye shemeji huyu, mzee wa kanisa, alilia msibani kuliko wote, na kabla machozi hayajakauka akatia kufuli kwenye mlango wa chumba hicho. Ni kwa usalama, alisema, maana msibani hupita watu wa kila namna. Katika hilo hakusema uongo. Kufa kufaana, na ufunguo ukabaki mfukoni mwake.

Fundi aliuomba kwa adabu, kisha kwa adabu zaidi. Mwishowe, siku moja ibadani, wakati wa kutaja mahitaji ya maombi, wenzake wakiombea magoti na mitihani, alisimama akaomba waumini wamwombee apate ufunguo. Hakutaja jina. Kanisa zima likageuza shingo kumtazama mzee.

Jumapili iliyofuata mzee alisimama mbele na kutangaza kwamba amepata adui. Alisema kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto. Wengine, alisema, wangelipa ubaya kwa ubaya, lakini yeye ameamua kumpenda adui yake kwa vitendo, na ataanza na uji. Walimpigia makofi. Huyu ni mtu aliyekuwa na mkono wa birika tangu ujana wake. Hata chumvi alikuwa akiiazima kwa majirani. Sasa kila wiki alibeba bakuli mchana kweupe, akipita njia ndefu inayozunguka mbele ya nyumba za waumini wote.

Mambo yakaendelea hivyo. Wali ulileta makaa mawili. Kuku alileta ya kutosha kuivisha maharage. Siku moja Fundi alikataa sahani, na makaa yakaja vilevile, ila yeye akabaki na njaa. Akaacha kuvaa kitambaa, akajifunza kukaa wima kama mtu aliyejitwika ndoo, na utosi ulimuuma hadi machozi. Majirani walikuja kwake kuwasha majiko. Muuza mkaa wa kona alimfuata mzee kumwomba apunguze upendo kidogo, biashara imelala, akajibiwa kwamba upendo haupimwi kwa debe.

Mchungaji naye alikuja kutazama. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, kwa hiyo aliota moto kwanza juu ya kichwa cha Fundi, kisha akaeleza kwamba hakuna jipya hapo: anayemlisha adui yake humpalia makaa kichwani, na maandiko yalishalisema hilo zamani. Fundi akamuuliza kama maandiko yanasema lolote kuhusu funguo. Mchungaji alisema tusichanganye mambo. Jumapili akawaambia waumini kwamba makaa hayamwangukii mtu hivihivi, na kama kulikuwa na aliyejiuliza nani adui wa nani, sasa amejionea. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuombea ufunguo tena.

Fundi naye alikuwa Mkristo, tena alibatizwa kabla ya shemeji yake. Akapika nyama, akaweka na viazi, akampelekea adui yake nyumbani, akasimama kando kutazama. Mzee alikula yote, akapangusa sahani kwa mkate, akacheua. Upara wake ulibaki baridi, uking'aa. Mchungaji alipoulizwa alisema labda Fundi alipika kwa moyo mbaya. Fundi mwenyewe aliona kwamba makaa yanahitaji mahali penye haya pa kushikia, na pale mahali hapo hapakuwepo.

Upendo wa mzee ulivuma mpaka kanisa likaanzisha Idara ya Upendo, yeye akawa mwenyekiti. Idara haikuwa na ofisi. Mwenyekiti akajitolea kutoa chumba kile cha mbele, na kufuli lililokataa kufunguka kwa maombi likafunguka mchana mmoja. Wakaingiza meza na viti. Kutoka korido, mlango ukiwa wazi, Fundi aliweza kuona kipande cha dirisha lake.

Wiki hiyo mzee alikuja na sahani ya samaki mkono mmoja na jora la kitambaa mkono wa pili. Idara ilihitaji pazia, alisema, na amemfikiria yeye kwanza, kwa kuwa vipimo vya dirisha lile anavijua.

Fundi aliweka mkono juu ya kitambaa. "Shemeji," alisema, "nichukie kidogo tu, unirudishie chumba changu."

Mzee alimtazama kwa huruma kubwa. "Siwezi, shemeji. Mimi nimeokoka."

Akasubiri mpaka Fundi alipoonja samaki, maana hakupenda kuondoka kabla. Makaa yalianguka matatu, mazuri. Fundi aliyatia kwenye pasi, akalowesha kidole akapima joto, akatandaza kitambaa na kuanza kukinyoosha. Kilikuwa kizito kama blanketi. Mwenyekiti ndiye aliyekichagua hivyo, kwa sababu mwanga wa dirisha lile, alisema, unaumiza macho.