Isale la Siku ya Wazazi

Godlove wa kidato cha tatu alikuwa na dhamiri safi, kwa kuwa hakuitumia mara kwa mara. Alipopewa kazi ya kuchapa risala ya Siku ya Wazazi, aliondoa mikato na nukta zote, ukurasa ukabaki kama shamba la mahindi lililopitiwa na ngedere. Alitaka tu kumwona rafiki yake Filemon, msomaji wa risala, akikosa pumzi mbele za watu.

Mgeni rasmi alikuwa ameshaketi Filemon alipofungua faili. Akamgeukia Godlove.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Kwani vinukta vina kazi gani? Maneno yote yapo."

"Nikiogopa, kigugumizi hunirudia. Mkato huniambia bado. Nukta huniambia imetosha. Nukta pacha huniambia sababu inakuja. Mama kapanda mlima kutoka Chekereni kunisikia, nawe umenifutia njia."

Safu ya mbele, mama yake Filemon, Mama Yuditha, alikuwa akiwaonyesha wenzake mwanawe kwa kidole. Godlove alikimbia hadi uzioni, akachuma jani la isale, akamletea Filemon kwa mikono miwili, kama Wachaga wanavyoomba msamaha.

"Isale halikataliwi," Filemon akasema akinuna. "Lakini halisomi risala."

"Litasoma. Nimeichapa, naijua yote. Nitasimama nyuma ya wageni. Nikililaza, mkato. Nikilishusha, nukta. Nikilisimamisha, sababu inakuja."

Mambo yalikwenda vizuri hadi Filemon aliposema, "Hatuombi bweni jipya."

Jani likaanza kushuka, kisha mkono wa Godlove ukaganda. Akilishusha, wazazi watarudi nyumbani wameridhika kwamba watoto hawaombi kitu. Ombi lenyewe lilikuwa mbele, limeegemea maneno haya kama mgomba kwenye nguzo yake. Hapo palikuwa na nukta mkato, na ishara yake hawakuipanga. Akaliacha jani katikati, si juu wala chini.

Filemon alivuta pumzi. Jani halikufika chini, basi bado.

"Tunaomba hili la zamani lisivuje. Tuna sababu moja." Jani likasimama wima. "Mvua hutuamsha kabla ya kengele."

Wazazi wakacheka, kisha wakageuka kutazama paa la bweni.

Baadaye Godlove alikwenda na Filemon kumsalimia Mama Yuditha, kwa unyenyekevu wa shemasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilipogeuka nilikuona na jani. Ulikuwa ukifukuza nzi?"

"Ndiyo, mama," Filemon akajibu, akilitia isale mfukoni mwa shati lake. "Aliwaleta mwenyewe."