Kambare wa Maji Matamu

Nyevu alikuwa mwongo wa dharura, si wa tabia. Lakini samaki hawajui tofauti hiyo.

Daktari Beryl, daktari wa meno pale Tononoka, alipokwenda kwao Kisumu kumuuguza mamake, alimwachia Nyevu, karani wake, funguo za kliniki, simu, daftari la wagonjwa na tangi la samaki. Tangi lile la vioo lilikaa kwenye chumba cha kungojea. Ndani mlikuwa na majani yaliyopandwa mchangani na gapi wadogo wenye mikia ya rangi, na mtoto aliyeingia akilia kwa jino akiwatazama wale samaki alilisahau koleo. Agizo la daktari lilikuwa fupi: "Maji yakipungua, ongeza ya bomba tu, na yalale ndooni siku mbili kwanza. Nikirudi tutaandika barua yako ya kazi."

Barua hiyo ndiyo iliyomnyima Nyevu raha. Miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa ukingoni. Kabla ya hapo alikaa miaka miwili na cheti chake cha ukarani, huku shangazi yake akimwambia kila uchao kuwa cheti hakiteleki jikoni kikaiva. Akiikosa barua, atarudi kwa shangazi yule yule, na maneno yale yale.

Basi mabomba ya kisiwa chetu yakakauka. Si jambo geni, tumezoea, lakini safari hii yalikauka wiki mbili, tatu, na wauza maji wa mikokoteni wakaanza kuringa. Uani mwa kliniki mlikuwa na kisima cha maji ya chumvichumvi, ya kufulia na kupigia deki. Nyevu akatia tangini ndoo moja. Mara hii tu, alijiambia. Gapi hawakusema kitu, akatia ya pili. Kufika wiki ya tano tangu daktari aondoke alikuwa ametia nyingi asizopenda kuzikumbuka, ncha za majani zimegeuka manjano, na vioo vimeshika ukoga wa kijani kama meno ya mtu asiyejua mswaki.

Jumatatu simu ikalia. "Narudi Ijumaa," alisema daktari. "Samaki wangu je?"

"Wazima, daktari! Wazima kabisa!"

Alipoiweka simu akatia mkono tangini, akaanza kuukwangua ukoga kwa kucha. Mgonjwa mmoja aliyekuja kuandikisha jina akamhurumia, akamwambia kuna Mzee Kamaludin, Mji wa Kale, anayefuga kambare wanaokula ukoga. Ila mzee yule hamuuzii mtu samaki kabla hajayaona maji ya tangi lake.

Jumanne asubuhi Nyevu akachota chupa ya maji ya tangi, akaiinua penye mwanga. Lo! Yalikuwa kijani, ya kutia aibu. Akayamwaga, akaijaza chupa kwa maji ya kunywa kutoka mtungini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wa nyumbani hawajambo? Mbona wahema?"

Uani kwa Mzee Kamaludin mlijaa birika za saruji. Alimtembeza moja baada ya moja, wala hakuwa na haraka. "Wasema watu, nyumba ya kambare, mkubwa ndevu, mdogo ndevu. Usidanganywe na ndevu, binti. Huyu wa mtoni ukimtia leo, gapi wako watakwisha. Huyu mwenye mabaka leo ni kidole, mwakani ni mkono mzima, atang'oa kila ulichopanda." Akainama. Ukutani mwa birika ya mwisho walinata kambare wadogo weusi, ndevu zimewaota mpaka puani. "Hawa ndio wako. Hawazidi kiganja. Wape kipande cha gogo watafune, ukoga watalamba na majani watakuachia. Ila chumvi hawaiwezi. Lete chupa."

Akaonja kwa ncha ya ulimi. "Mashallah, maji matamu haya! Umeyatoa wapi, na mji mzima una kiu?"

Ukweli ulimfika Nyevu kooni. Angeutoa pale pale, kambare wangepona.

"Niliweka akiba, mzee."

Akaondoka na kambare wanne na chupa yake, akijipa moyo kuwa gapi walizoea, na hawa pia watazoea. Watazoea nini! Alhamisi asubuhi wawili walikuwa chali, na wawili wengine wamepanda juu wakitwetatweta. Nyevu akafunga mlango, akakimbia mpaka Mji wa Kale bila kukumbuka kuvua koti la kazi.

"Mzee, nilikudanganya! Yale hayakuwa maji ya tangi."

Akamweleza yote, kisima na chupa. Mzee Kamaludin alikasirika hasa. "Subhanallah! Wewe waumwa, kisha wampelekea tabibu mkojo wa jirani? Nilikuchagulia samaki wa maji ya nani mimi?" Alimkaripia huku anajaza madumu mawili kutoka birika yake na kumwitia mwenye mkokoteni. "Toa kidogo, tia kidogo. Ukiwageuzia maji ghafla utawamaliza. Haya, nenda!"

Adhuhuri ilimkuta amepiga magoti mbele ya tangi, kikombe mkononi, sakafu imelowa, kambare wawili waliokufa juu ya gazeti. Mlango ukalia. Daktari Beryl aliingia na begi lake, siku moja kabla ya ahadi.

Alitazama ndoo. Alitazama gazeti. Akachovya kidole tangini, akaonja.

"Nani alitia maji ya kisima?"

Jibu lilikuwa tayari. Wekesa, mfagiaji wa jengo, ana ufunguo wa uani, tena leo hayupo. Nani angebisha? Nyevu akafungua kinywa, jina limekwisha fika ulimini. Akawaona wale wawili waliobaki wanavyohema, akalimeza lile jina.

"Mimi, daktari. Tangu wiki ya pili. Na kwenye simu nilikudanganya, na Mzee Kamaludin aliyeniuzia kambare hawa nilimpelekea chupa ya maji ya kunywa nikasema ni ya tangi. Hawa wawili nimewaua mimi."

Daktari aliichukua ile chupa mezani, akaizamisha tangini mpaka ikajaa, akaifunga kizibo.

"Kesho asubuhi, kabla hujafungua kliniki, mpelekee mzee. Mwambie haya ndiyo maji yetu."

Nyevu aliipokea kwa mikono miwili, ikiwa kijani vile vile, akaangua kilio kama mtoto aliyeepuka koleo.