Meno Meusi

Mtaani walimwita Profesa, na yeye hakukataa. Hakuwa profesa wa kitu chochote, tuelewane. Alikuwa muuzaji wa vinanda vya umeme vya bei nafuu, katika duka lililobanwa kati ya muuza magodoro na fundi simu. Lakini ukiingia kuulizia tu, atavuta kiti, atakaa, atapiga kitu cha kukutoa machozi, nawe utatoka na boksi begani ukidhani kesho utapiga vilevile. Kile kidogo ni cha mtoto anayeanza, hiki cha kati ni cha kwaya, na kile kirefu chenye meno mazito ni cha mtu aliyekwisha kuiva. Hakuna aliyekosa chake. Ulimi wa yule mtu, we acha tu.

Siri yake ilikuwa moja, na ilikaa wazi mbele ya macho ya watu wote. Katika vibao vya kubonyeza, yaani meno ya kinanda, Profesa alijua yale meupe peke yake. Yale meusi aliyagusagusa kwa madoido. Kila wimbo aliupiga katika ufunguo mmoja, ule rahisi, na mwimbaji akilalamika kwamba wimbo uko juu mno, Profesa alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe kidogo pale juu ya meno, na kinanda chenyewe kikashusha kila kitu. Vidole vinabaki palepale, sauti inatoka chini. Harusi zikapita, misiba ikapita, hakuna aliyeuliza. Wapo wengi wanaopiga hivyo, wala si dhambi, mradi kitufe kipo.

Dhambi ilianza alipomfundisha bintiye.

Huyu alikuwa kitinda mimba wake, mtoto mwenye vidole virefu na sikio kali. Akisikia wimbo redioni asubuhi, mchana anaupiga. Siku moja, angali mdogo, aliuliza, "Baba, na haya meusi?"

"Hayo ya kupendezesha tu, mama. Usijisumbue nayo."

Angeweza kusema hajui. Lakini mtu anayeitwa Profesa atasemaje hajui, tena mbele ya mwanawe? Mtoto akaamini. Atamwamini nani kama si baba yake? Akakua hivyo, anapiga meupe, anabonyeza kitufe, na wateja wakija dukani wanasimama kumsikiliza mpaka wanasahau walichofuata.

Kisha chuo cha muziki kikatangaza nafasi ya kusoma bure kwa mpiga kinanda. Nafasi moja tu. Binti alikuwa amemaliza shule na hakuwa na pa kwenda: ama aipate hiyo, ama awe mpanga maboksi dukani maisha yake yote, na alishasema kwamba maboksi yatamuua. Mama yake, fundi cherehani, aliacha kazi za watu akamshonea gauni. Baba mtu akatangaza mtaa mzima. "Mtaona! Damu yangu ile!"

Na alijua, jamani. Alijua kwamba chuoni kuna piano ya mbao, isiyo na waya wa umeme wala kitufe. Aliwahi kuiona. Lakini alijitia hamnazo. Alijiambia watamwomba apige kipande chake kimoja, watapiga makofi, yameisha.

Siku ya usaili wakaingia katika ukumbi wenye sakafu iliyong'arishwa mpaka mtu anaogopa kukanyaga. Jamaa za watahiniwa walikaa nyuma. Msimamizi alikuwa mwalimu mmoja mama mtu mzima, miwani imening'inia shingoni, mpole wa sauti lakini hacheki hovyo. Binti akaketi, akapiga kipande chake. Ee bwana! Hata waliokuja na watoto wao wenyewe walisahau husuda. Profesa alivimba kichwa, akageuka kuangalia nani anamwangalia.

"Vizuri sana," mwalimu akasema. "Sasa msindikize huyu."

Mwanafunzi mmoja wa chuo akasimama kando ya piano, akaanza kuimba, wimbo ambao kila mtu anaujua. Binti akamfuata bila taabu. Walipofika juu, sauti ya mwimbaji ikakwaruza.

"Mshushie kidogo, halafu mwanze upya," mwalimu akasema.

Mkono wa binti ukainuka. Haukungoja amri yake, ulikwenda wenyewe kama ulivyokwenda miaka yote, juu ya meno, upande uleule, na kidole kikabonyeza. Mbao. Kikabonyeza tena. Mbao. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

Akajaribu. Lazima tumpe haki yake, alijaribu. Alishuka, vidole vikaangukia meno meusi asiyoyajua, sauti zikagongana kama sufuria zinazoanguka jikoni. Mwimbaji akanyamaza. Binti akarudisha mikono mapajani, akaiangalia.

Mwalimu akaja mpaka nyuma, taratibu. "Nani alimfundisha huyu?"

"Si Profesa wetu huyu hapa!" akadakia kiongozi wa kwaya moja, mteja wa siku nyingi, kwa heshima zote. Vichwa vikageuka.

"Mzee," mwalimu akasema, "mtoto ana sikio ambalo sijaliona kwa muda mrefu. Nakuuliza kitu kimoja, unijibu kweli. Kama hakufundishwa meusi, hilo si kosa lake. Nitamchukua leo hii nimfundishe mwenyewe tangu mwanzo. Wa namna hiyo nimeshawapokea. Lakini kama alifundishwa akapuuza, nafasi ni moja, na nje kuna watu. Ipi?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Aseme tu, hata mimi siyajui. Profesa alifungua mdomo akalisikia neno limefika kooni. Akamwona kiongozi wa kwaya anatabasamu, anangoja. Akaliona duka, wateja, kile kiti chake, na watu wakinong'onezana kwamba kumbe yule hajui kitu, ni kitufe tu.

"Nilimfundisha," akasema. "Yote, meupe kwa meusi. Watoto wa siku hizi, mwalimu. Simu mkononi kutwa. Nimesema mpaka nimechoka."

Mwalimu akageuka. "Ni kweli, binti?"

Binti alimtazama baba yake. Profesa aliangalia viatu vyake, akaona aibu, na bado hakusema.

"Ni kweli, mwalimu," binti akasema. "Nilizembea."

Akaitwa mwingine.

Njiani baba alianza sentensi moja, ikamshinda, akaiacha. Nyumbani mama alikuwa mlangoni, sindano bado imechomekwa kifuani kwenye nguo yake, na alipouona uso wa binti hakuhitaji kuambiwa.

"Imekuwaje?"

Profesa akaingia ndani, akaketi. Sasa itajulikana, alifikiri, na kwa kitambo kidogo karibu alitamani ijulikane.

"Nilizembea, mama," binti akasema. "Baba alinifundisha, mimi sikutaka kushika."

Mama akalipuka. Ala! Mtoto gani huyu? Baba anajinyima, anakukalisha kwenye vinanda vya kuuza, mimi nakesha na cherehani, na wewe unatutupia yote jalalani! Alisema mpaka akalia, na alipomaliza kulia akamshika binti mkono akamsogeza mbele ya kiti cha baba yake.

"Mwombe radhi mzazi wako."

Binti alisimama pale na gauni lake jipya. Alimpa baba yake nafasi. Alimpa ndefu ya kutosha.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe, mama," Profesa akasema, na sauti yake ilitoka vizuri kabisa.