Koti Lililopungua Kifungo

Asubuhi bei ya sarafu ya kidijitali ya Mwanga ilipoanza kuporomoka, mwanzilishi wake alikuwa ofisini na shati tupu. Koti lilikuwa kwa dada yake, fundi cherehani, likisubiri kifungo cha tatu. Alifunga mlango, akajirekodi kwenye simu, akawatumia wawekezaji wote ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja: "Ndugu zangu, msiuze. Shikilieni. Wanaouza leo watajuta kesho."

Wawekezaji walikuwa elfu nne na ushee. Kila aliyesikiliza ujumbe, mkono wake wa kulia ulijikunja ukawa ngumi, gumba likiwa ndani, na haukukunjuka tena.

Watu waliendelea na kazi kwa mkono wa kushoto. Walimu waliandika ubaoni maneno yaliyolala upande. Kinyozi mmoja alikimbiwa na wateja. Daktari alipiga picha za mifupa, akaona haina kasoro, akaandika kwenye faili "mwekezaji" na kuagiza mafuta ya kuchua. Mkono wa mwanzilishi ulibaki mzima, maana hakuwa na kawaida ya kujisikiliza.

Bei ikatulia. Ili kuuza Mwanga ilibidi uweke gumba la kulia kwenye kioo cha simu, utaratibu aliouweka yeye mwenyewe kwa ajili ya usalama, na magumba yote yalikuwa ndani ya ngumi. Bei ilipotulia ikapanda, na ilipopanda akaanza kualikwa kwenye makongamano. Alipewa ngao ya kioo kwa kujenga imani ya wawekezaji. Aliipokea kwa mikono miwili, akaombwa atabasamu, akatabasamu.

Mwezi wa nne tangu ujumbe ule, dada yake alikuja ofisini. Akiba yake yote ya kununulia cherehani ya pili ilikuwa kwenye Mwanga. Alikaa, akaweka ngumi mezani.

"Kifungo chako kimo humu," alisema. "Nilikuwa nakishona ujumbe ulipoingia."

"Inauma?"

"Inauma mdogo wangu, sikufichi. Na wateja wameanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Waambie watu wauze. Ukisema wewe, mikono itafunguka. Si wewe ndiye uliyeifunga?"

Alijua ni kweli. Alijua pia kwamba mikono ikifunguka, wote watauza saa hiyo hiyo, na yeye ataachwa na mzigo wake. Alijipekua moyoni kutafuta huruma, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo. Hakukuta kitu, na hilo nalo halikumsumbua.

"Nipe wiki moja, dada."

"Wiki moja tu?"

"Moja tu."

Ndani ya wiki hiyo aliuza Mwanga zake zote, kidogo kidogo, kwa gumba lake, kati ya kikao na kikao. Jumamosi saa nne asubuhi alituma ujumbe wa pili: "Ndugu zangu, sasa uzeni." Ngumi elfu nne zikafunguka kwa mpigo. Kabla magumba ya wengi hayajafika kwenye vioo, Mwanga ilikuwa haitoshi hata vocha ya kumpigia mwanzilishi na kumlaani.

Saa tano alikwenda kufuata koti. Mkono wa dada yake ulikuwa umelala mapajani, vidole vimenyooka, havishiki wala havikunjiki. Kiganjani palikuwa na alama ya duara yenye matundu manne.

"Zangu je?" aliuliza dada.

"Zimekwisha, dada. Soko limeanguka."

"Soko," alisema dada. "Nimekukasirikia sana. Nataka ujue hivyo."

"Najua."

Alitunga uzi kwa meno na mkono wa kushoto, taratibu, akakosa mara tano. Mdogo mtu alingoja akiangalia simu. Mchana huo alikuwa anazindua Mwanga Mpya, na ukumbi ulikuwa umeshajaa, wengi wao wateja wa zamani, mikono ya kulia imenyooka kandokando. Dada alishona kifungo, akakaza, akakata uzi kwa meno.

Koti lilimkaa vizuri. Akaona haifai kuondoka hivi hivi. Aliuinua mkono wa kulia wa dada yake, akalibandika gumba lake kwenye kioo cha simu, na simu ikalisajili.

"Nimekuwekea Mwanga Mpya mia tano. Zawadi, bure kabisa. Ila usiziuze, dada. Zishikilie."

Mkono wa kushoto, uliokuwa bado na sindano, ukajikunja.

 Dada alitazama ngumi, kisha akamtazama yeye. Mdogo mtu aliangalia saa, akamwachia mlango wazi, kwa kuwa asingeweza tena kuufungua mwenyewe, akashuka ngazi huku akifunga vifungo vyote vitatu.