Skrini ya Dirisha la Malalamiko

Jumatatu asubuhi karani wa malalamiko katika ofisi ya maji alikaa kwenye kiti chake, akapangusa kibodi kwa kiganja, akawasha kompyuta. Feni ikavuma, taa ya kijani ikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Upande wa pili wa dirisha foleni ilikuwa imeshafika mlangoni, watu wote wana mabomba makavu, na mzee wa mbele alikuwa ameshaanza kueleza.

"Subiri kidogo, baba," karani akamwambia. "Mashine haijaamka."

Mama yake karani alikuwa amefariki usiku uliopita. Kabla ya kufika mezani alipitia kwa mkuu wa kitengo kuomba ruhusa akazike. Mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya akishakunywa chai, alimpa pole, kisha akasema wiki hii haiwezekani, malalamiko yamewafika kooni.

"Ndugu zako si wapo?"

"Wapo."

"Basi watatangulia."

Karani alisema sawa. Hakulia, maana ilikuwa karibu saa ya kufungua dirisha.

Sasa akazima, akawasha tena. Akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Akaipiga skrini kofi la ubavuni, jambo ambalo kila mtu hufanya na hakuna anayekiri. Wapi. Foleni ikaanza kuguna.

Fundi wa kompyuta alikuja na bisibisi mdomoni. Alileta skrini ya mhasibu, iliyokuwa nzima, akaichomeka, ikawa nyeusi. Ile ya karani ilipopelekwa kwa mhasibu ikawaka vizuri, mpaka na picha ya maua. "Basi ni mashine," fundi akasema, akairudisha skrini ya karani mezani pake, akabadilisha mashine. Hola. Akabadilisha waya, akabadilisha soketi, akalala chali chini ya meza huku jasho likimtoka na akisemasema peke yake. Hata saa sita ilipofika hakuna lalamiko lililokuwa limeingia, na karani alikuwa ametukanwa na watu ambao kwa kawaida ni wapole.

Hapo ndipo skrini ilipoanza kutoa maji. Yalitoka kwenye kona ya juu, yakateleza mpaka kwenye kibodi.

"Kumbe maji mnayo," akasema mzee wa mbele.

Fundi alichovya kidole, akaonja. "Yana chumvi, mzee wangu. Hayakufai." Akaweka sikio kwenye skrini. Ndani kulikuwa na sauti ya chini, kama ya mtu anayelia akiwa amejifunika shuka gubigubi.

"Dada, umefiwa?"

"Mama."

Fundi akarudisha bisibisi mfukoni. "Hakuna kilichoharibika. Hii iko msibani."

Mkuu wa kitengo akaitwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ukiilazimisha itakuwaje.

"Itaungua," fundi akasema. "Lakini ikishazika, hurudi kazini yenyewe."

"Mazishi ni lini?"

"Kesho mchana, nyumbani kwetu," karani akajibu.

"Basi gari la ofisi litaipeleka." Mkuu akaiwekea skrini mkono begani, pale ambapo ingekuwa na bega, akaipa pole.

Karani akasimama. "Mkuu, naomba nipande nayo."

"Nafasi ipo," mkuu akakubali. "Ila dirishani nitamweka nani? Wewe una mikono, utaandika kwa kalamu."

Kesho yake dereva aliifunga skrini mkanda kwenye kiti cha mbele, fundi akapanda nyuma, wakaondoka. Karani alibaki akiandika. Mhasibu alipita akasema imependeza, ofisi imejali. Karani akaitika, kalamu ikatoboa karatasi.

Baada ya mchana simu ililia. Alikuwa kaka yake, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi.

"Watu wa ofisini kwako wamefika," kaka akasema. "Wamekuja na kompyuta. Tumeikalisha mbele, pamoja na wafiwa."

"Imelia?"

"Imelia sana. Mama mdogo ameikumbatia mpaka gauni limelowa. Ndiyo iliyotangulia kutupia udongo, fundi aliishikilia. Na wewe mwenyewe uko wapi, dada?"

Mwanamke mwenye ndoo tupu alikuwa ameshaegemea dirishani, anagonga kioo kwa pete yake.

"Niko kazini, kaka," karani akasema, akakata simu, akamuuliza yule mwanamke anaishi mtaa gani.